Mkilua wa marehemu nyanya: namna ya kuuzalisha kabla haujakatwa

Swali: Shikamoo bwana shamba. Nyumbani kwa marehemu nyanya yangu, Lamu, kuna mkilua, ule mti wa maua ya kunukia, wa siku nyingi uani, karibu na kisima. Nyumba inagawanywa kwa warithi na upande ule huenda ukajengwa. Mimi naishi Mombasa, Kisauni, na nina uwanja mdogo wa mchanga. Nimechukua vijiti vya mkilua ule mara kadhaa, nikavichomeka kwenye ndoo ya udongo na samadi, na vyote vikakauka. Mwenzangu ananiambia nibebeshe, yaani niunganishe kitawi chake, juu ya mstafeli. Mwengine anasema kuna kijana anaweza kunitolea miche msituni huko Kwale. Nifanye lipi? Na mbona mkilua huu hutoa maua kila mwaka lakini sijauona ukizaa hata tunda moja la kupata mbegu?

Jibu: Marahaba, dada, na Mwenyezi Mungu amrehemu nyanya. Nitaanza na uamuzi, sababu zifuate, maana muda ulio nao si mwingi. Vijiti viache kwa sasa. Mstafeli usiuguse. Kijana wa Kwale mwambie asante, lakini hapana. Kazi yako ni kuotesha mizizi kwenye matawi yakiwa bado yameshikana na mti mama, na uianze masika yakiingia. Wakati huo huo tafuta mkilua mwingine kabisa, usiotokana na huu wa nyanya, uupande karibu na miche yako. Hilo la pili watu hulidharau, na mimi naliona ndilo litakaloamua kama mbele ya safari utakuwa na mikilua inayozaa, au utakuwa umehamisha upweke wa mti mmoja kutoka Lamu hadi Kisauni.

Tuhakikishe kwanza kwamba ni mkilua wenyewe. Huu ni mti wa kichaka, wakati mwingine mti mdogo, unaoishi chini ya kivuli cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Kitaalamu unaitwa Mkilua fragrans. Aliyeuandika rasmi ni Bernard Verdcourt, mwaka 1970, mtaalamu aliyefanya kazi miaka mingi katika hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki pale Nairobi kabla ya kwenda kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza. Aliupa jenasi, yaani kundi la spishi zilizo karibu, ya peke yake, na hadi leo ndani ya jenasi hiyo hakuna spishi nyingine. Ni wa jamii moja na mstafeli, mtopetope na mlangilangi, kwa hiyo alama za jamii hiyo utaziona: majani hupishana kwenye kitawi, moja kushoto moja kulia, na petali za ua huja tatu-tatu. Ukikuta majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, huo si mkilua, na pengine ni asumini ya aina fulani. Ukikuta petali ndefu nyembamba zilizolegea na mti unaokwenda juu kuliko paa, huo ni mlangilangi. Nasema haya kwa sababu muuza miche barabarani anaweza kukuuzia mlangilangi kwa jina la mkilua, na mnunuzi asigundue mpaka miaka ipite na mti umeshakuwa mkubwa. Ukibaki na shaka, kausha kitawi chenye ua ndani ya gazeti, ukipeleke Makumbusho ya Taifa Nairobi. Hifadhi ile ya mimea iko pale na kazi yao mojawapo ni kutambua mimea ya watu.

Watu wa miji ya pwani wengi wanaudhani mkilua ni mti wa nyumbani tu. Wameuona uani tangu utotoni, wameona kilua, yaani ua lake, kikitiwa kwenye kikuba, kile kifungo cha maua ya kunukia, pamoja na mrehani na asumini, hawakuuona msituni hata siku moja. Kumbe asili yake ni msitu, na misitu ya pwani imebaki vipande vipande, vingi vikiwa vidogo na vimezungukwa na mashamba, machimbo na nyumba. Kwa hiyo ile mikilua mizee iliyoko nyuani mwa nyumba za Lamu, Mombasa, Malindi na Unguja ni hazina halisi. Kila mmoja unaokatwa bila kuachiwa mche unapunguza aina za damu zilizobaki, na huu wa nyanya ni mmojawapo.

Sasa vijiti vyako. Jamii hii ya mstafeli inajulikana kwa ugumu wa kutoa mizizi kwenye vipandikizi, na mkilua si muhogo. Kijiti kilichokomaa, kikavu, kisicho na jani, kina akiba kidogo ya chakula na hakina kitu cha kukitengenezea kingine, kwa hiyo kinakauka kabla mizizi haijapata muda wa kutoka. Ongeza safari yenyewe: kutoka Lamu kwa boti hadi Mokowe, kisha basi mpaka Mombasa, mchana wa jua, kijiti kimefungwa ndani ya mfuko mkavu. Ongeza tena samadi. Samadi ni chakula cha mti wenye mizizi. Kwa kijiti chenye kidonda kibichi ni joto na ukungu tu. Hata mtaalamu mwenye kitalu kizuri angepata tabu kwa njia hiyo, usijilaumu.

Njia itakayokufaa ni ile ambayo tawi linaendelea kunyonyeshwa na mama yake wakati linatafuta mizizi yake. Ziko mbili, na zote ningezitumia pamoja.

Ya kwanza ni kulaza tawi, na ndiyo rahisi zaidi. Mkilua mara nyingi huwa na matawi yanayotoka karibu na ardhi. Tafuta moja linalopindika bila kuvunjika. Linapogusa udongo, kwangua gamba upande wa chini, urefu wa kidole kimoja, kisha lilaze ndani ya mtaro mdogo uliojazwa mchanga na majani yaliyooza, na uweke jiwe juu. Ncha ya tawi iache nje, isimame kwa kufungwa kwenye kijiti. Jiwe lina kazi mbili: linashikilia tawi na linatunza unyevu chini yake. Baada ya hapo ni kumwagilia tu na kuwa na subira ya msimu mzima. Usifukue kila wiki kutazama, maana mizizi michanga hukatika kwa kuguswa.

Ya pili ni kufunga tawi huko huko juu. Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu wengi hushindwa kwenye jambo moja dogo.

Chagua tawi lenye unene kati ya kalamu na kidole gumba, la ukuaji wa mwaka uliopita: gamba limeshakuwa la kahawia lakini tawi bado linapindika. Chagua lenye majani mazima na lisilo na maua wakati huo. Kwa kisu kikali ulichokipitisha kwenye spiriti, zungusha mkato mmoja kuzunguka tawi, na mwingine chini yake, umbali wa sentimita 2 hadi 3. Toa gamba lote katikati ya mikato hiyo. Sasa ndipo penye lile jambo dogo: chini ya gamba kuna utando mwembamba unaoteleza, na huo ndio unaotengeneza gamba jipya. Usipouondoa, tawi litajiponya, litaunganisha gamba juu na chini, na mizizi haitakuwa na haja ya kutoka. Kwangua kwa upande wa kisu mpaka uone mti mweupe, ukipitisha kidole kisiteleze. Ukiona bado kuna ute, rudia.

Ukiwa na poda ya homoni ya mizizi kutoka duka la dawa za kilimo, pakaa kidogo kwenye ukingo wa juu wa kidonda, kwa sababu mizizi hutokea pale juu, ambapo chakula kinachotoka kwenye majani kinakwama. Halafu weka konzi mbili za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, uliolowekwa na kukamuliwa, uzunguke kidonda chote na kupita kidogo juu na chini. Usumba ni mzuri kuliko udongo: mwepesi, unashika maji, unaingiza hewa. Lakini jihadhari na usumba unaotoka kwa wasokota kamba. Makumbi yale huzikwa kwenye matope ya bahari ili yalainike, na yakitoka huko yana chumvi itakayochoma mizizi inapochomoza. Chukua makumbi makavu ya nazi za nyumbani, yapasue, yaponde, yaloweke kwenye maji baridi na kubadilisha maji siku mbili tatu mpaka ile rangi ya chai ipungue.

Funika kwa nailoni nyeupe inayopenyeza macho, ufunge juu na chini kwa kamba iliyokaza, hasa juu, ili maji ya mvua yasiingie na kujaa ndani. Kisha juu ya nailoni zungusha kitambaa cheusi au gazeti. Mizizi hupenda giza, na nailoni iliyoachwa juani hupika kilicho ndani. Kitambaa utakifungua mara moja kwa wiki mbili au tatu kuangalia, na ukiona usumba umekauka, tia maji kwa bomba la sindano.

Funga matawi sita au saba, hata kama unahitaji miche mitatu, maana si yote yatakayokubali. Ila yasizidi theluthi moja ya matawi ya mti, na uyachague pande mbalimbali, mama asiachwe upara upande mmoja.

Kwa nini masika? Kuanzia Aprili hadi Juni hewa ya pwani ina unyevu, mti unakua, na gamba linachunika kwa urahisi. Ukifunga matawi wakati wa kaskazi, Januari au Februari, jua ni kali, mti umejikunyata na vifurushi vinakauka kila siku. Kwa kuwa wewe uko Mombasa, lazima uwe na mtu Lamu wa kutazama vifurushi hivyo na kuumwagilia mti. Mchague kabla ya kushika kisu. Kazi hii haifi kwa ufundi mbaya mara nyingi. Hufa kwa kusahauliwa.

Usikate tawi kwa sababu umeona mzizi mmoja. Mizizi ya kwanza ni myeupe, minene, mepesi kuvunjika. Subiri mpaka ibadilike kuwa ya kikahawia na ianze kutoa vijizizi vya pembeni ndani ya nailoni. Kwa mti wa mbao ngumu hili linaweza kuchukua miezi miwili, mitatu, minne. Ikifika hapo, kata kwa msumeno mdogo chini kidogo ya kifurushi, punguza nusu ya majani, toa nailoni bila kuupukuta usumba, na upande kwenye kiriba kirefu au chungu chenye mchanganyiko wa mchanga wa mto uliooshwa, mboji ya majani iliyooza kabisa, na usumba kidogo. Samadi bado hapana. Kwa safari ya kutoka Lamu, funga mizizi na usumba wake kwenye kitambaa kibichi, majani yafunikwe na mfuko mkubwa uliopulizwa hewa, na kila kitu kikae kivulini ndani ya boti na basi. Ikiwezekana safiri jioni.

Ukifika Kisauni, wiki za kwanza ndizo za hatari kwa mche. Mizizi ni michache na majani yanadai maji. Uweke chini ya kibanda cha makuti, uufunike na mfuko wa nailoni uliowekwa juu ya fito, usiguse majani. Baada ya wiki chache anza kufungua mfuko saa chache asubuhi, uongeze kidogo kidogo mpaka uuondoe. Jani jipya likitoka na likabaki limesimama mchana, mche umeshika.

Usiupande ardhini vuli hiyo hiyo. Najua Oktoba na Novemba hupata mvua na moyo unataka, lakini nyuma ya vuli inakuja kaskazi na jua lake, na mche wa tawi lililofungwa una mizizi ya juu juu. Utunze kwenye chungu mpaka masika yanayofuata. Ni mwaka mmoja wa subira, na unaokoa kazi yote.

Kuhusu kubebesha juu ya mstafeli, mwenzako amefikiri vizuri, kwa sababu ni kweli ni jamii moja. Lakini ndani ya jamii hiyo kuna koo, na ukoo wa mkilua ni wa ajabu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ndugu zake wa karibu wote wako Amerika ya kitropiki. Hapa Afrika mkilua ndio peke yake wa ukoo huo. Mmoja wa ndugu hao hukua Mexico na Guatemala, na maua yake makavu yalitumiwa na watu wa kale wa huko kutia ladha na harufu kwenye kinywaji cha kakao. Kwa hiyo harufu nzuri si ya mkilua peke yake katika ukoo huo. Mstafeli uko kwenye ukoo mwingine, na mlangilangi uko mbali zaidi hata ya huo. Kubebesha hufanya kazi vizuri kati ya mimea iliyo karibu. Kati ya hawa, hata kipandikizi kikionekana kimeshika, siwezi kukushauri utegemee kiungo hicho wakati una mti mmoja tu wa kuchukulia vijiti vya kubebesha. Siku ukiwa na miche ya mkilua iliyotokana na mbegu, hapo bebesha mkilua juu ya mkilua kama unapenda.

Sasa lile la matunda, na hapa nataka unisikilize vizuri.

Sababu ya kwanza ni nyepesi: maua yanachumwa. Kilua kilichokwenda kwenye kikuba hakizai. Kama nyumba nzima na majirani walikuwa wanachuma asubuhi kwa asubuhi, hakuna ua lililobaki mtini muda wa kutosha. Ya pili ni namna ua lenyewe linavyofanya kazi. Maua ya jamii hii huanza yakiwa ya kike: sehemu ya katikati inayopokea chavua iko tayari, huku chavua ya ua hilo hilo haijakomaa. Inapokomaa, sehemu ya kike imeshapita wakati wake. Ndiyo maana ua linahitaji chavua kutoka ua jingine lililotangulia kufunguka, na anayeibeba kwa kawaida ni mbawakawa wadogo wanaofuata harufu. Uani mwa nyumba ya mawe katikati ya mji, mti ukiwa mmoja na maua machache kwa wakati, inakuwa bahati ua la kike na ua la kiume kukutana siku moja, na mdudu anayefaa awepo.

Wakulima wa matopetope na mastafeli hulitatua hili kwa mkono, nawe unaweza. Chukua brashi ndogo laini ya kuchorea. Tafuta ua lililokomaa kabisa, ambalo petali zake zinakaribia kuanguka na vijisehemu vya chavua vimelegea. Vipukute ndani ya kifuniko cha chupa. Kisha tafuta ua changa linaloanza kufunguka, fungua petali kwa kidole taratibu bila kuzing'oa, na uone katikati kama panang'aa kwa unyevu. Hapo ndipo unapopakaa chavua kwa brashi. Fanya asubuhi mapema, chavua ya siku hiyo hiyo. Funga uzi wa rangi kwenye kikonyo ili uliyemwachia ulinzi asilichume. Ua likishika, halitoi tunda moja tu; kutoka kitako kimoja hutokea vitunda kadhaa.

Chavua ikitoka kwenye mkilua mwingine ni bora zaidi, na ndiyo maana nilianza na shauri la kutafuta mti wa pili. Matawi yote utakayoyafunga kwenye mti wa nyanya yatakupa mti ule ule mmoja, mara tatu au mara sita. Ni jambo zuri, kwa kuwa utapata harufu ile ile na maua mapema, lakini kwa uzazi ni kama huna mwenza. Uliza Lamu yenyewe, uliza Shela, uliza Mji wa Kale Mombasa, uliza jamaa Malindi na Tanga. Wenye mikilua ni akina mama watu wazima, na wengi wao watakufurahia ukienda na adabu na mche wa kubadilishana. Andika kila mche umetoka nyumba gani na mji gani, kwa rangi isiyofutika, kwenye kipande cha bati au plastiki uufunge kwenye shina. Baada ya miaka mitano hakuna atakayekumbuka, na mikilua isiyo na asili inayojulikana haina thamani kubwa kwa anayetaka kuchanganya damu.

Mbegu ukizipata, zipande mbichi. Kitunda kikianza kubadilika rangi na kulainika, kitoe, osha nyama yote, loweka mbegu usiku mmoja kwenye maji safi, kisha zipande kwenye viriba virefu, kina cha mara mbili ya unene wa mbegu. Usizianike juani na usiziweke kwenye bahasha kabatini. Mbegu za miti ya kivuli cha msitu mara nyingi hufa zikikauka. Kama ni za kumpelekea mtu, zifunge ndani ya usumba unyevu. Mbegu za jamii hii zina kiini kidogo sana ndani ya akiba kubwa, na kiini hicho hukua kwanza humo ndani kabla ya kuchomoza. Kwa hiyo usishangae wiki zikipita kimya, na usitupe kiriba kabla ya miezi kadhaa kwisha. Weka wavu juu kuzuia kuku na panya. Mche wa mbegu utachelewa kutoa maua kuliko wa tawi, lakini una mzizi mkuu ulionyooka na una damu mpya. Ningekuwa na nafasi ya miche minne Kisauni, miwili ingekuwa ya tawi na miwili ya mbegu.

Huyo kijana wa msituni sasa. Misitu ya Kwale, na hasa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ndiko mimea kama hii ilikobaki, kwa sababu wazee wa kaya walizuia watu kukata. Kaya hizo ziliingizwa kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2008, na kung'oa mche humo ni kosa kwa wazee na kwa sheria. Na hata bila sheria, mche wa msituni uliong'olewa kwa panga, mzizi mkuu ukiachwa nusu ardhini, mara nyingi hufa mikononi mwa mnunuzi ndani ya wiki chache. Msitu umepoteza mmoja na wewe hujapata kitu. Kama kuna kikundi cha kitalu karibu na msitu chenye kibali cha kuokota mbegu, hao nunua kwao kwa moyo mweupe.

Uwanja wako wa Kisauni utahitaji kutayarishwa, maana mkilua umezoea udongo wa msituni: kichanga, ndiyo, lakini umefunikwa majani yanayooza, una unyevu na kivuli. Mchanga mtupu wa uwanjani hauna hivyo. Chimba shimo upana na kina cha nusu mita, ujaze mchanganyiko wa mchanga ule ule na mboji ya majani, nusu kwa nusu. Hapa sasa samadi iliyooza kabisa inaruhusiwa, ndoo ndogo moja, ichanganywe chini. Kaa mbali na ukuta angalau mita moja na nusu. Chokaa inayodondoka kutoka kuta, na vipande vya matumbawe vilivyofukiwa wakati wa ujenzi, huufanya udongo uwe mkali, na mti unashindwa kunyonya madini ya chuma. Dalili yake ni majani machanga kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Ukiiona, ongeza mboji juu, na ununue chuma cha kunyunyiza majani kwenye duka la dawa za kilimo; mbolea ya kawaida ya nitrojeni haitasaidia.

Maji ya kisima ya pwani mara nyingi yana chumvichumvi. Ncha na kingo za majani makubwa zikiwa kahawia na kavu, fikiria chumvi kwanza kabla ya ugonjwa. Weka pipa chini ya bomba la paa, na hayo maji ya mvua yawe ya miche. Jua liwe la asubuhi au la kuchujika, chini ya mnazi au upande wa mashariki wa mwembe usio mzito sana. Jua la saa nane mchana, likirudishwa na ukuta mweupe, litaunguza majani hata mti ukinywa vizuri. Funika ardhi kwa majani makavu unene wa kiganja, ila yasiguse shina, kwa ajili ya mchwa.

Limebaki suala la mti mama wenyewe. Zungumza na ndugu zako kabla ya mafundi kuingia, na uwaombe mwaka mmoja. Kama wakikubali ujenzi uuache mti, ni heri kubwa, na kumwaga zege mpaka kwenye shina hairuhusiwi: mduara wa mita moja na nusu ubaki udongo. Kuung'oa mzima na kuuhamisha ni njia ya mwisho kabisa, ya pale tu ambapo panga limeshaamuliwa. Ikifika hapo, usiuchimbe siku moja. Masika yakianza, chimba mtaro wa nusu duara kuuzunguka, umbali wa sentimita 40 kutoka kwenye shina, ukate mizizi ya upande huo na ujaze mboji. Baada ya miezi mitatu fanya upande wa pili. Miezi mitatu tena baadaye ndipo unaweza kuuinua na donge lake la udongo, matawi yakiwa yamepunguzwa. Mti mzee unaweza usistahimili hata hivyo, kwa hiyo matawi yaliyofungwa yawe yameshakatwa na yako salama kwenye viriba kabla ya mtaro wa kwanza.

Kwa kuanzia, omba mtu wa Lamu akupigie picha tatu: shina kutoka chini, tawi moja lenye majani kwa karibu, na ua likiwa wazi. Nitumie, nikuonyeshe kwa alama matawi ya kufunga na ya kulaza, na kama kuna lililo chini ya kutosha kufika ardhini. Usumba anza kuuloweka mwishoni mwa Machi.